Pindo la Upande wa Kushoto

Ulimwona. Usianze kutikisa kichwa. Alipita mbele ya duka lako, mbele ya dirisha la ofisi yako, mbele ya kibaraza ulichokalia ukinywa chai. Mtoto wa kike wa miaka sita, akitembea taratibu kama aliyebeba bakuli la uji kichwani, na kila alipokanyaga kwa mguu wa kushoto mwili wote uliegemea upande huo kisha ukajirudisha. Ulimwona, mara ukakumbuka kwamba kuna kitu mfukoni unakitafuta. Wenzako walicheka kidogo wakamwita Bi Harusi, maana ni maharusi tu wanaokwenda kwa mwendo ule, na jina likamganda mpaka mama yake mzazi akawa anamwita hivyo hivyo. Basi keti. Leo huna pengine pa kutupia macho.

Mama yake alikuwa fundi cherehani na baba yake fundi viatu. Walifanya kazi chumba kimoja kinachotazama barabara: cherehani karibu na mlango panapoingia mwanga, na kigoda cha baba nyuma kabisa, katikati ya soli, gundi na nyundo. Waliitana "fundi", mume na mke. Mteja akiita "Fundi!" kutoka nje waliitika wote wawili, kisha wakaanza kubishana aliyeitwa ni nani.

"Kaita fundi, hakuita mtia viraka," baba alisema.

"Wanaonuka gundi ndio wanaoitwa kwa kelele. Mimi huitwa kwa heshima."

Ndivyo nyumba ilivyokuwa. Nyumba ya kucheka. Usidhani aibu hupanga chumba kwa watu wanaonuna peke yao.

Bi Harusi alizaliwa akitanguliza matako. Kila alipopelekwa kliniki alining'inizwa kwenye mizani, akachomwa sindano zake, mama akaambiwa mtoto anaongezeka vizuri, wa pili aingie. Hakuna mkono uliompanua miguu hata mara moja kuona kama nyonga zote mbili zinafunguka sawa. Mizani waliiamini, nyonga hawakuigusa. Lakini mama aliona. Jicho lililozoea kukamata pindo lililopotoka kutoka ng'ambo ya barabara lingekosaje? Alikuwa akimbadilisha nguo akaona mikunjo ya paja la kushoto hailingani na ya kulia, mmoja umepanda juu mno. Aliona, akamfunika.

Mtoto alichelewa kutembea. "Kachukua uvivu wa mama yake," baba akatania. Alipotembea, utani ukaisha.

Hawakuwahi kukaa chini wakala njama. Laiti wangekaa, pengine mmoja angesikia maneno yenyewe yanavyonuka. Siku moja tu baba alichukua kiatu cha kushoto, akabandika ndani yake vipande vyembamba vya soli, kimoja juu ya kingine, akachonga kingo na kuzipaka rangi mpaka usingejua palipoongezwa. Hakujaza urefu wote uliopungua, maana urefu wote ungeonekana. Uliobaki, mama aliumaliza kwa mkasi. Alikata pindo la upande wa kushoto likawa fupi kuliko la kulia, ili nyonga ikizama, gauni lining'inie sawasawa pande zote. Kiunoni akatia marinda mengi, uvimbe wa ubavuni ukapotelea humo. Mgongoni akaacha nafasi, ule mgongo uliojibinua usionekane. Ilikuwa kazi safi. Hilo ndilo linalouma mpaka leo: ilikuwa kazi safi.

Kisha wakamfundisha mwendo. "Taratibu, mwanangu. Wewe si mtu wa mbio." Mtoto akaacha kukimbia, akawa anawashangilia wenzake kutoka kizingitini.

Waliogopa nini? Waliogopa midomo. Waliogopa lile swali linaloulizwa kwa sauti ya huruma, "Ugonjwa huo ni wa upande wa nani?", ndugu wa mume wakiwatazama ndugu wa mke, na ndugu wa mke wakiwatazama ndugu wa mume. Waliona haya kwa jambo ambalo hawakulitenda, na ili kuificha haya hiyo wakatenda la kuonea haya kweli.

Watu wa afya walikuja shuleni kuwapima watoto. Tangazo lilitolewa mapema, na nyumba ile ikajiandaa kama wanavyojiandaa wezi. Mama alishona sketi mpya ya shule. Baba alibadilisha soli. Siku ilipofika, wazazi walisimama nje ya dirisha la darasa wakichungulia. Bi Harusi alitoka mlangoni akaenda mpaka mezani kwa mwendo wake wa bi harusi. Wakamtazama macho, wakamtazama meno, wakamwambia afungue kinywa aseme aaa. "Mzima huyu. Mwingine!"

Mama alirudi nyumbani nusu akimbie.

"Kapita, fundi!"

"Soli imepita," baba akajibu, akipiga makofi.

"Pindo ndilo lililopita, wewe! Soli nani kaitazama?"

Wakacheka hadi machozi. Fikiria hapo. Walifaulu mtihani wa kumnyima mtoto wao daktari, wakashangilia.

Mwaka haukupita mtoto akaanza kushika kuta. Alikuwa akitoka msalani anapapasa ukuta, akiamka asubuhi anakaa kwanza kitandani akikanda paja kimyakimya. Mama aliona na hilo. Akaongeza marinda.

Ndipo akaja wifi. Alikuwa dada wa fundi viatu, muuza sufuria sokoni, mwanamke ambaye Mungu hakumjalia kunong'ona. Alikuja kukaa siku chache, na asubuhi ya kwanza akasema, "Leo namwogesha mwenyewe mtoto wa kaka yangu," akambeba Bi Harusi kabla mama hajapata kisingizio. Mama alibaki kwenye cherehani, mguu umeganda juu ya pedali, akisikiliza maji.

"Wifi! Njoo hapa uone."

"Nimeshaona." Neno lilimponyoka kabla hajalishika.

Maji yalinyamaza. Wifi akajitokeza mlangoni, mikono imejaa povu. "Umeshaona nini? Umeona lini?"

Mama alinyoosha kitambaa kilichokuwa tayari kimenyooka.

"Nakuuliza, wifi yangu. Umeona lini?"

"Kazaliwa hivyo."

"Kwa hiyo mnamvisha au mnamfunika?"

Baba akainuka kwenye kigoda. "Dada, punguza sauti. Majirani."

"Majirani! Mguu ni wa majirani?"

Bi Harusi alikuwa amesimama ndani ya beseni, uchi, mguu mmoja ukigusa chini kwa vidole tu. Bila kiatu na bila marinda hakukuwa na la kuficha: kiuno kimekwenda upande, goti moja juu na jingine chini, mgongo umejikunja mbele. "Shangazi, sabuni inaniwasha macho," alisema. Kisha, kwa kuwa alipenda kusema na shangazi, akaongeza, "Na hapa panauma. Lakini ni siri. Mama kasema nisiseme."

Wifi hakupiga kelele tena. Afadhali angepiga. Alimfunga mtoto taulo, akamwosha macho, akasema kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "Vaeni. Tunakwenda hospitali."

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa. Picha ya eksirei ilikuwa imetangulia mezani kwake, na aliitazama kwa muda kabla ya kumwambia mtoto, "Haya, binti, nenda mpaka mlangoni kisha urudi." Bi Harusi akaenda kama alivyofundishwa. Daktari akainua picha kwenye mwanga, akamtazama mtoto, akaitazama picha.

"Hii ni yake kweli?"

"Ni yake," baba akasema.

"Picha inaniambia mfupa wa paja umetoka kwenye kikombe chake na umepanda juu sana. Ninayemwona hapa anachechemea kidogo tu. Kuna kitu sikielewi."

Akamvua kiatu cha kushoto. Akakibonyeza ndani, akakipindua, akakipima na mwenzake. Kisha akachuchumaa, akashika pindo la gauni, la kushoto kwa mkono mmoja na la kulia kwa mwingine, akavuta yote mawili.

"Nani kashona hili?"

"Mimi," fundi cherehani akajibu. Na isemwe, kwa sababu ndilo lililokuja kumtafuna kuliko yote: sauti yake ilikuwa na majivuno. Kwa kitambo kile kidogo alikuwa fundi aliyeulizwa kazi yake, akainua kidevu.

"Umeshona vizuri sana, mama," daktari akasema. Hakukuwa na kejeli. Kidevu kikashuka, na tangu hapo fundi hakusikia sifa ya kazi yake bila uso kuwaka moto. "Hata sisi tungedanganyika."

"Mlidanganyika," baba akasema, akiitazama sakafu. "Mlikuja shuleni. Mkampitisha."

"Akiwa amevaa?"

"Akiwa amevaa."

"Foleni ilikuwa..." Daktari alianza, akajisikia anavyosema, akakata. Chumba kikawa na watu wazima wanne, na hakuna aliyekuwa na pa kuweka macho. Aliyeinua kichwa alikuwa mmoja tu.

"Sasa nivae?" akauliza Bi Harusi.

Daktari aliwaeleza kwa mikono yake. Akakunja ngumi moja, akaitia kwenye kiganja cha pili. Hivi ndivyo nyonga inavyotakiwa kukaa, alisema. Ngumi akaitoa, akaipandisha. Hivi ndivyo ya kwake ilivyo. Kikombe kisichokaliwa na mfupa hakikui, kinabaki bapa kama kisosi, na mfupa nao unajichimbia makao ya uongo huko juu.

"Angeletwa akiwa kichanga, tusingemgusa kwa kisu," alisema. "Tungemvalisha mikanda, miguu ikae imepanuka kama chura, na mfupa ungerudi wenyewe."

"Mikanda gani, daktari?" fundi akauliza.

"Ya kitambaa tu. Inapita mabegani, inashuka mpaka miguuni."

"Ya kitambaa."

"Ya kitambaa, mama."

 

"Na sasa?" baba akauliza.

"Sasa ni kazi kubwa. Nitafungua nyonga, nisafishe kikombe kilichojaa nyama. Nitakata mfupa wa paja niufupishe, ushuke bila kuvutwa kwa nguvu, niufunge kwa chuma. Halafu nitakata mfupa wa nyonga juu ya kikombe, niuinamishe uwe kama paa. Kisha plasta, kuanzia kifuani mpaka miguuni."

"Atapona?"

"Nadhani mfupa utakaa. Siahidi. Unaweza kutoka tena, unaweza kukakamaa, na mguu unaweza kubaki mfupi. Kadiri mnavyochelewa ndivyo ninavyobaki na kidogo cha kufanya. Mwaka jana ningekuwa na zaidi."

Mwaka jana. Soli imepita, pindo limepita.

Baba akajikohoza. "Labda twende kwanza nyumbani tukalifikirie..."

"Tumelifikiria miaka yote hiyo, fundi," mke wake akamkatiza, "na mkasi mkononi. Daktari, tupe siku."

Siku ya upasuaji walimvua gauni wakamvika shuka la kijani lililofungwa nyuma kwa kamba, limeshonwa ovyo, mishono imekwenda upande. Fundi alilitazama shuka lile likiingia na mwanawe nyuma ya milango ya chumba cha upasuaji. Alibaki kwenye benchi na gauni mapajani. Vidole vyake, bila kutumwa, vilitafuta pindo la kushoto vikaanza kulifumua, uzi mmoja baada ya mwingine, hadi pindo likawa linaning'inia. Mumewe aliona. Alikuwa ameshika kiatu.

Daktari alitoka akiwa amechoka, barakoa imeshuka kidevuni. "Umekaa," alisema. Neno moja. Wifi alilia kwa sauti, kama sokoni. Fundi hakulia. Alihisi hana haki ya kulia mbele za watu.

Walimrudisha nyumbani mchana, jua likiwa kali. Na hapo ndipo fundi alipokutana na kitu ambacho mkasi wake haukukiweza. Plasta ilimshika Bi Harusi kifuani ikashuka na miguu yote miwili, imepanuliwa mbali, na katikati kijiti kimegandishwa kuizuia isikutane. Hakuna gauni linalopita hapo. Alijaribu shuka, likateleza. Akajaribu tena, mtoto akasema, "Mama, joto." Basi wakambeba wazi, baba kichwani na mama miguuni, katikati ya barabara ileile.

Watu wakatoka. "Jamani, kapatwa na nini mtoto? Kaanguka?"

Kaanguka. Uongo ulioletwa na majirani wenyewe, wenye adabu na tayari umepigwa pasi. Baba alinong'ona bila kusogeza midomo, "Sema kaanguka."

Fundi alisimama, miguu ya plasta mikononi. "Hakuanguka," alisema, akarudia. "Hakuanguka. Kazaliwa nyonga imechomoka. Nililijua, nikamshonea nguo za kumficha mpaka akachelewa."

Unajua walifanya nini wale waliomcheka miaka yote? Mmoja alikumbuka chungu jikoni. Mwingine akamwita mtoto wake ambaye hakuwa mbali. Hakuna aliyemlaumu, maana kumlaumu kungewataka wakiri kwamba nao walikuwa na macho.

Plasta ilipotolewa mguu ulikuwa mwembamba kama mwiko, ngozi inabanduka. Mfupa ulikaa. Haukukaa kama ambavyo ungekaa. Bi Harusi hawezi kuchuchumaa, nyonga inagoma katikati ya safari, na siku za mazoezi humtukana mama yake kwa matusi aliyofundishwa na shangazi. Daktari amesema akikua huenda wakarudi tena kwenye meza ya upasuaji. Lakini hashiki kuta. Na mara moja, akimfukuza kuku aliyeingia ndani, alikimbia, vibaya, kwa upande, huku akipiga kelele za furaha, na mama yake aligeuka ukutani akauficha uso.

Ilikuwa baada ya hapo akaja mwanamke muuza mkaa wa mtaa wa nyuma, na kitoto chake cha kike kilichokuwa ndiyo kwanza kinajifunza kutembea. Alikaa, akasifia kitambaa, akasifia mlango, akazunguka zunguka.

"Dada fundi," mwishowe akasema, "yale magauni uliyokuwa ukimshonea Bi Harusi. Yalikuwa yakimkaa! Nishonee na mimi moja, la huyu."

Fundi alifumba macho kidogo. Kisha akamchukua mtoto, akamlaza chali kwenye meza ya kukatia vitambaa, akamvua, akamkunja magoti kama alivyoona hospitali, nyayo mbili zikakaa bapa mezani. Goti moja lilikuwa chini ya jenzake. Akajaribu kuyapanua mapaja, moja likafunguka, la pili likagoma.

"Silishoni," alisema. "Mpeleke hospitali. Leo, mdogo wangu. Huyu bado mdogo, huyu atapona kwa kazi ndogo kuliko ya wangu."

Muuza mkaa alimnyakua mwanawe. "Wako ulimficha, wangu unataka kumtangaza? Nimekuja kushona nguo, sikuja kuanikwa!"

"Nivunjie heshima unavyotaka, lakini mpeleke."

"Mtu mzima ovyo! Humwonei haya Mungu?"

"Namwonea. Ndiyo maana nakwambia."

Mwanamke alikuwa ameshatoka. Fundi aliiacha cherehani na kitambaa kimebanwa kwenye sindano, akamkimbilia barabarani, tepe ya kupimia ikimning'inia shingoni. Mlango ulifungwa puani mwake. Akagonga. Watu wakakusanyika. Akiwa amesimama pale, bila kuitwa na bila kutumwa, alisema yote upya kwa sauti ya kusikika ndani: kiatu, marinda, siku ya watu wa afya, kicheko chao, mikanda ya kitambaa. Hakuna aibu aliyoibakiza kwa ajili ya nyumbani. Ndani kitasa hakikusogea. Kilisikika tu kitoto kikitembea, hatua nzito, hatua nyepesi.

Kesho yake alirudi akagonga. Na keshokutwa. Mpaka naandika haya mlango haujafunguliwa, na mfupa wa mtoto haungoji watu wazima wamalize kuona haya.

Naye anagonga peke yake, kwa sababu wewe umekaa. Unamjua mtoto wa namna hiyo. Yuko kwa dada yako, kwa mpangaji wako, pengine yuko chumba cha pili hapo ulipo. Inuka. Mlaze chali, mkunje magoti, uyatazame. Yasipolingana, au paja likigoma kufunguka, mbebe umpeleke, na wakimpima akiwa amevaa nguo, usitoke mlangoni mpaka wamvue. Acha kusoma. Nenda sasa hivi.